Mahali pa Kutua Mzigo

Kwa miaka ishirini Masanilo aliishi kijijini akiandika historia ya misafara ya magharibi na kuwauzia wahariri wa mjini makala moja moja. Asubuhi moja Bibi Kalunde, mjukuu wa mpagazi wa misafara hiyo, alimjia na gazeti mkononi.

"Umeandika kwamba wapagazi walikuwa wavivu, kila kilima wanapumzika. Nani kakwambia?"

"Vitabu vya wasafiri wenyewe, bibi."

"Na hao wasafiri walibeba nini?"

Masanilo akajaza mawe kwenye gunia mpaka kilo thelathini, uzito wa mzigo wa mpagazi aliouandika mara nyingi, akalitia begani na kuifuata njia ya zamani ya misafara. Katikati ya kilima alilihamishia gunia bega la pili.

"Tua, mwanangu," alisema bibi nyuma yake.

"Situi."

Kileleni palikuwa na jiwe la kimo cha kifua, lenye kishimo kilicholainika kwa kusuguliwa. Akalitua gunia, likakaa humo sawasawa. Masanilo akakipapasa kile kishimo, akatazama kilima kilichofuata.

"Na kule?"

"Kule kuna jingine."

Akaliingiza bega tena chini ya gunia.