Ngege wa Masese

Asubuhi nzima tulikizunguka kisiwa polepole kwa pikapu ya shemeji yangu Erisa, tukitazama ziwa. Tulijiambia vita vimekwisha.

Adhuhuri tulisimama kwa mama aliyekuwa akichoma mihogo kando ya barabara. Nikafungua samaki wetu, ngege wa kukaanga tuliyemnunua mwaloni Masese kabla ya kuvuka, nikatia mnofu mdomoni, nikamsogezea.

"Karibu tule, mama."

Akarudi nyuma. Ukutani kwake nyavu zilining'inia kavu, zimejaa utando wa buibui.

"Hapa tumeacha samaki, binti. Tangu wanajeshi walipoanza kutupa watu majini."

Erisa akaweka kipande chake chini, akajifuta vidole kwenye nyasi. Hakunitazama.

Kaka yake, mume wangu, alishushwa garini na wanajeshi darajani Jinja, ziwa linapotoa mto. Mpaka leo hatujamzika.

Ule mnofu ulikuwa bado mdomoni mwangu.