Buku Aliyetaka Mizigo Yote

Sisimizi walipeleka nafaka ghalani kwa njia mbili za chini ya ardhi: ya panya Buku na ya Fuko. Mlangoni alisimama Nyenje, akiwaelekeza kila mara kwenye njia yenye nafasi.

Buku alipoona mizigo ikienda kwa Fuko, roho ilimuuma. "Bwana Nyenje, yule kipofu ana nini? Njia yangu ndiyo pana!"

"Kwako kumejaa, ndugu yangu."

"Nataka wote wapite kwangu!"

Nyenje alichoka kubishana, akamwachia. Sisimizi wakafurika, wakasukumana, na udongo ukaporomoka ukamfukia Buku hadi shingoni.

Fuko akaja akichimba.

"Umekuja kunicheka," Buku akafoka. "Sasa wote wanapita kwako!"

"Ndiyo maana nakufukua haraka, mwenzangu," Fuko akajibu akihema. "Yangu nayo imeanza kupasuka."