Moto Ukitangulia

Mashine ya maabara ya kupima moshi ilikuwa bado inavuta msokoto wa mwisho wa tumbaku wakati mtu wa kampuni ya tumbaku alipopiga makofi.

“Madam Achola, maabara zote zimepata kipimo kilekile cha moshi. Hata hii yenu ya Kisumu. Si nilisema tumbaku yetu ni laini?”

Achola alitazama moto ukitambaa kwenye ncha ya msokoto iliyobaki nje ya mashine. Mamake kule Katito alivuta tumbaku hiyohiyo akiweka upande unaowaka ndani ya mdomo, kama akina mama wengi wa rika lake, mpaka kaakaa likaoza, likatoboka.

Akauchomoa msokoto. Akamkaba yule mtu taya, akampanua mdomo, akausukuma ndani, moto ukitangulia. Ulimi ukalia kama samaki kwenye mafuta.

“Mashine hii haivuti kama mama,” alisema, akimfumba mdomo kwa viganja viwili. “Sasa vuta, bwana.”