Lango la Chini

"Chuma," alisema Sjur kwenye simu. "Lango la chuma, shemeji, na bawaba za chuma vilevile. Watu wanasahau bawaba. Magma inaziyeyusha, lango linaanguka, ngome nzima kwishnei."

Gudveig aliiweka simu mezani, ikiwa kwenye spika, kando ya kahawa iliyokwisha kupoa. Mbele yake ilikuwa kompyuta ya marehemu mumewe, Torleiv, na ndani yake, katika mchezo wa kujenga ngome, vibeti themanini na wawili walikuwa wakichimba, wakipika, wakilala. Miaka kumi na mmoja Torleiv aliijenga ngome ile, kila jioni, mlango wa chumba ukiwa umefungwa. Alikufa Februari akiwa amebakiza kazi moja tu: kufungua lango la chini, magma, uji wa mawe unaowaka, ipande mpaka kwa wahunzi.

"Likishika, ngome yake itaishi," alisema Sjur. "Lisiposhika, wanaungua wote. Na nakala nyingine hakuna. Jamaa alikuwa mbishi, hakuhifadhi popote."

"Najua."

Sjur alikuwa Bergen, mwendo wa saa tatu. Yeye na Torleiv walikuwa marafiki tangu shule, na mchezo huu walianza pamoja.

"Shaba je?" aliuliza Gudveig.

"Inakosa kidogo tu, lakini inayeyuka."

"Dhahabu?"

"We! Usithubutu. Hiyo ni siagi kwenye kikaango."

Gudveig aliandika neno moja nyuma ya bahasha. Miaka ishirini na sita alisimama mbele ya tanuri la zinki hapo Odda, akijua kila kinachoshika moto na kisichoshika. Hakumwambia. Sjur alipenda kueleza, akamwacha aeleze.

"Borghild hajambo?"

"Mke wangu? We acha tu, shemeji. Tangu mazishi ni kulia, hali, halali. Namwambia, mfiwa mwenyewe mbona amejikaza?"

"Sijajikaza."

Ilikuwa kweli. Tangu Februari hakuhisi kitu, si huzuni, si njaa, si baridi. Alikula mkate na jibini la kahawia kwa kuwa vilikuwapo. Majirani walipokuja kumpa pole, aliwashukuru na kuwaoshea vikombe.

"Unajua aliwapa vibeti majina yetu?" Sjur alicheka kidogo. "Mpaka mbwa wenu yumo! Mimi kaniweka jikoni, napika uyoga mwaka mzima, mshenzi yule. Wewe kakuweka wapi?"

"Sijajiona."

"Aa, utakuwemo tu mahali. Na yeye mwenyewe yumo. Umemwona?"

"Wiki iliyopita."

"Anafanya nini?"

"Alikuwa amelala."

Sauti ya Sjur ilikwaruza. "Huyo ndiye tunayemwokoa leo, shemeji. Ndiye aliyetubakia."

Gudveig alibonyeza mara mbili. Chini kabisa, fundi mmoja mdogo mwenye ndevu alifunga bawaba mpya langoni na kuondoka.

"Umeweka?"

"Nimeweka."

"Zimekaa vizuri?"

"Zinang'aa."

"Safi! Haya, vuta wenzo wa kufungulia lango."

Hakuuvuta mara moja. Aliteremka kwanza kwenye chumba kilichokuwa chini ya lango, kile ambacho Torleiv alikichonga kwa mawe mazuri kuliko yote, kikawa na kitanda kimoja kipana. Kibeti Torleiv alikuwa amelala. Pembeni yake alilala mkewe wa miaka kumi na mmoja, mama wa watoto wake wanne, na jina lake lilikuwa limeandikwa juu ya kichwa chake: Borghild.

Gudveig alivuta wenzo. Bawaba za dhahabu hazikumaliza hata dakika; magma ikajaa chumbani.

"Vipi, shemeji?" aliuliza Sjur. "Limeshika?"

"Mfikishie Borghild pole zangu," alisema Gudveig.