Kiha cha Nyumbani

"Rudia," alisema mgambo Gervasi.

Leonia hakurudia. Alisimama kwenye mchanga wa ufuko wa Katonga, viatu mkononi, koti jeupe la hospitali limelowa hadi mapajani, akamtazama yule mgambo kama mtu anayetazama inzi kwenye mchuzi.

"Nimekusalimu vizuri, mwidiwe," Gervasi alisema. "Umenijibu mwiriwe. Sisi Waha tunasema mwidiwe. Mwiriwe ni Kirundi hicho."

"Miaka miwili nimesomea uuguzi Bujumbura. Nimefanya mazoezi wodini na Warundi kutwa kucha. Ulitaka ulimi wangu urudi na nini, Kichaga?"

Nyuma yake boti zilikuwa bado zinashusha wakimbizi: akina mama na magodoro mabichi, vikongwe migongoni mwa wajukuu. Mbele yake ilikuwa kamba ya katani, imefungwa nguzo hadi nguzo. Ng'ambo ya kamba ilikuwa njia ya kwenda Ujiji, nyumbani kwao. Upande huu, wa ziwani, lilikuwa lori la kwenda kambini, injini inanguruma.

Aikande, afisa uhamiaji, alikaa kwenye meza upande huo huo wa ziwani. Alitoka Moshi. Kwake Kiha na Kirundi ni uji na uji, ndiyo maana aliwekewa Gervasi.

"Pasipoti?"

"Imeungua bwenini. Nimeshasema."

"Na hili?" Aikande alinyoosha kalamu kwenye neno la Kifaransa lililoshonwa kifuani mwa koti. "Hili nalo ni Kiha?"

"Maana yake mwanafunzi wa mazoezi."

"Babu yako amezikwa wapi?"

Leonia hakuwahi kuambiwa. Baba yake hakuwa mtu wa kusimulia mambo ya wafu. "Baba anajua."

Aikande alitazama lori. "Panda, mdogo wangu. Huko kambini wanatoa unga na mablanketi. Usione aibu."

Hapo ndipo hasira ilipompanda. Kule wodini, akifungua tu mdomo kwa Kiswahili chake cha Ujiji, wagonjwa walikuwa wakivuta shuka: yule mgeni asinichome sindano. Alimwaga mabeseni ambayo wenzake waliyakataa. Alivumilia. Alikuwa akijiambia kila usiku, vumilia, una kwenu. Neno jema alilolipata lilikuwa moja tu, la muuguzi mkuu: "Kirundi chako hakina kasoro, binti. Utadhani umekinyonya." Naye akajibu kwa majivuno kwamba hicho si Kirundi, ni Kiha tu, lugha zinafanana.

Leo yuko kwao, na kwao wanampa blanketi.

"Sikiliza, dada," alisema kwa sauti iliyowageuza wachuuzi wa dagaa. "Wewe umeletwa hapa na barua ya uhamisho. Mimi nimeletwa na mkunga. Nani mgeni?"

Wachuuzi walipasuka kicheko. Mmoja akapiga kelele, "Mama weee, huyo Mmanyema wa Ujiji kabisa!" Aikande hakucheka.

"Basi aje anayekujua. Lori likijaa kabla hajafika, utapanda."

Mchuuzi mmoja alimfahamu baba yake, fundi Anatoli, mtengeneza baiskeli wa Ujiji, akamfuata kwa gari la samaki. Leonia akakaa juu ya jiwe kumngoja. Alimjua baba yake. Mtu mpole, lakini akiguswa Leonia alikuwa simba. Alimchapa mara moja tu maishani, siku aliposema Kiha sokoni. "Mjini sema Kiswahili," alimwambia. "Kiha ni cha nyumbani." Leonia alielewa kwamba hakutaka mwanawe aonekane mshamba.

Lori lilikuwa karibu kujaa alipotokea, mikono imejaa grisi, kofia mkononi. Hakungoja kuruhusiwa. Aliinama chini ya kamba, akaja moja kwa moja mezani, akaipiga kofi hadi wino ukamwagika.

"Mtoto wangu unamtia kwenye lori? Mtoto wangu! Amezaliwa Ujiji, amesoma Ujiji, baiskeli ya mkuu wako wa kazi naitengeneza mimi!"

"Taratibu, mzee. Kaburi la baba yako liko wapi?"

"Ilagala. Mto Malagarasi umefurika ukalizoa. Kamtafute ziwani kama unamtaka!"

Wachuuzi walishangilia. Kiswahili kilimtoka Anatoli kama maji ya bomba, cha Ujiji kitupu, na Leonia aliona uso wa Aikande ukilegea. Yule afisa alikung'uta wino kwenye vidole.

"Samahani, mzee wangu. Kazi yetu ni ngumu siku hizi. Watu wanatudanganya sana."

"Mtaambiwa ukweli na nani, na hamsikilizi?"

"Mchukue binti yako."

Leonia alianza kulia, kwa hasira ile ile. Baba yake alimvika kofia yake kichwani kama alivyofanya zamani, akambebea viatu, akamshika mkono. Wakaenda kwenye kamba.

Gervasi alikwisha kuiinua. Alijisikia vibaya, ilionekana. Alivua kofia yake ya mgambo, akainamisha kichwa kama kijana aliyelelewa.

"Mwidiwe, mzee."

"Mwiriwe," alijibu Anatoli, macho yake kwa mwanawe.

Kamba ikashuka, baba na binti wangali upande wa ziwani.