Karani Asiyesahau Kitu

Bisha ukitaka, lakini mimi Tumbili nilikuwepo. Kila kikao wanyama wa kisimani waligombania nani alisema nini, wakaamua kutafuta karani.

Pimbi akasema, "Mimi nitashika mliyokubaliana tu."

Kasuku akamcheka. "Mwenzangu, mimi nashika yote, hata minong'ono."

Wakamchagua Kasuku. Kikao kilichofuata akakariri kila neno, hadi Ngiri alivyonong'ona kuwa mwenyekiti Nyati ni kichwa maji. Ngiri akafukuzwa. Tangu hapo wote wakafunga midomo.

Siku moja Nyati akauliza, "Jamani, njia ya kisimani ni salama?"

Kimya. Jioni chatu akammeza mtoto wa Swala njiani.

Kuna sehemu nimeiruka. Chatu yule nilimwona asubuhi, nikaogopa kunukuliwa.