Sura Waliyoikataa

Sarafu zote zilikuwa zimelala kifudifudi tena.

“Mama, hawa jamaa wamekukosea nini mpaka unawalaza hivi kila siku?” mwanawe alitania.

Mama hakucheka. “Vitu vya vita havikai na watu. Vitoe nyumbani kwangu, mwanangu. Vina macho.”

Zilikuwa sarafu za majaribio, zile ambazo wavamizi walizitengeneza enzi za vita kisha wakazikataa wenyewe. Moja ngao ilikaa kombo, nyingine maandishi yalibanana. Kwenye kisanduku lilibaki tundu moja wazi, na asubuhi hiyo mwanawe alirudi na cha kulijaza, kimefungwa kwenye leso: sarafu nyeusi tii, uchafu umeigandia hata huoni kitu.

“Hii ndiyo yenyewe. Kamanda wao alitaka uso wake uwe kwenye pesa. Wakubwa wake wakamkatalia, zikayeyushwa. Hii iliponyoka.”

Mama akaikazia macho ile leso.

“Ya nini hiyo?” akauliza.

“Watu wake ndio waliomchukua baba, nikiwa tumboni, wewe mwenyewe umenisimulia. Hata kaburi hatuna. Maisha yangu yote namlaani mtu nisiyemjua sura. Nataka nimwone.” Akaitumbukiza kwenye bakuli la mafuta ili uchafu ulainike. “Usiiguse, mama. Sarafu ikisuguliwa imekufa.”

Akajikuna shavuni, ndani ya ndevu nzito alizofuga tangu zilipoanza kuota. Mama ndiye aliyetaka hivyo. Ndevu ni heshima, alikuwa akimwambia, na kinyozi wa mtaani alishaonywa zamani.

“Baba Watoto, leo nakupeleka kwa kinyozi wa mjini,” mkewe alidakia kutoka mlangoni. “Vipele vimejaa humo. Unangoja vizae?”

“Azipunguze tu,” mama akasema upesi. “Nasema azipunguze, asizitoe.”

Wakatoka wakicheka.

Mama akabaki na bakuli. Ikisuguliwa imekufa, mwenyewe kasema. Basi akachota majivu, akachanganya na mchanga, akachukua kipande cha gunia na kuketi chini kama mtu mwenye sufuria iliyoungua. Akasugua mpaka vidole vikachubuka. Ufutike, alinong’ona. Ufutike uso huo, uniachie mwanangu.

Kwa woga alisahau jambo ambalo kila mwenye jiko analijua: kabla sufuria haijatoboka, masizi ndiyo hutoka kwanza. Ukatokea ukingo. Likatokea paji la uso, ikafuata pua, kisha kidevu, na katikati ya kidevu kishimo, kinang’aa kama cha jana.

Akasugua kwa nguvu zaidi. Kikazidi kung’aa.

“Mama! Unafanya nini!”

Mwanawe alikuwa ameshaingia. Akamnyang’anya sarafu, akakimbilia nayo dirishani penye mwanga. Mama hakuinua macho. Alibaki pale chini, mikono imejaa majivu, akisubiri mwanawe aanze kulaani.

Hakulaani.

Mkewe akaja kuchungulia begani pake. Akaitazama sarafu, akamtazama mumewe, halafu akaangua kicheko na kumgusa kwa kidole kwenye kishimo cha kidevu, kidevu ambacho tangu waoane hakuwahi kukiona mpaka kinyozi alipokinyoa leo.

“Heee! Baba Watoto, hawa walikuchora lini?”